Viatu Vinavyotazama Ndani

Jumatatu, 3 Machi

Tumeripoti kambini leo. Mvua ilitupokea getini kabla ya mlinzi. Bweni ni lilelile, harufu ya dawa ya sakafu ileile, na Brashi ni yuleyule: amesimama ukumbini, filimbi shingoni, anatazama viatu vya kila anayeingia kabla hajamtazama usoni.

Brashi ndilo jina lake akiwa hayupo. Akiwepo ni Kocha. Aliichukua timu hii ya taifa ya wanawake ikifanya mazoezi kwenye maegesho ya magari, kwa sababu uwanja ulikuwa wa wanaume, akaifanya bingwa wa bara mara mbili. Picha yake inaning'inia ofisini kwa chama, pembeni ya picha ya mwenyekiti aliyewahi kumcheka. Mara zote mbili golini nilikuwa mimi. Picha yangu iko kwa mama, juu ya friji.

Mwaka huu mashindano ni hapa kwetu. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo. Nina miaka thelathini na nne na haya ni ya mwisho. Nataka kombe la tatu nikiwa golini, mama akiwa jukwaani kwa mara ya kwanza. Sina ombi lingine.

Nimepangwa chumba kimoja na kipa mpya, msichana wa miaka kumi na tisa. Tunamwita Kinda. Amenipa shikamoo mara tatu kabla hajafungua begi. Dari linavuja mbele ya mlango wetu, na mama wa usafi ameshaweka ndoo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Tumekimbia mpaka watu wakamtaja Mungu. Kinda anakoroma.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika hapa tu, sitamwambia mtu. Bega la kushoto linauma tangu mwisho wa ligi. Nilidhani litapita. Leo Kinda alipokwenda kuoga nilisimama mlangoni nikanyoosha mkono wa kushoto niguse fremu ya juu. Uliishia kwenye bawaba ya juu. Wa kulia unagusa bila taabu.

Daktari wa timu simwambii. Mdomo wake ni redio ya kinyozi, haizimwi.

Mchana Brashi aliniita stoo. "Komeo, nitundikie hizo bibu za mazoezi." Komeo ni mimi, jina la kazi. Msumari wenyewe uko juu kabisa, sijui aliupigilia twiga. Nikatundika. Alikuwa ananitazama, lakini yeye humtazama kila mtu kama mwenye duka.

Jumamosi, 8 Machi

Fremu: sikufika. Mvua.

Jumanne, 11 Machi

Kama nahodha ndiye niliyewaeleza wageni sheria ya viatu. Jioni ya kuamkia mechi kila mtu anapeleka viatu vyake stoo. Brashi anavisafisha mwenyewe, jozi zote ishirini na tatu, kwa brashi moja ya zamani ambayo mpini wake umezungushiwa plasta. Alfajiri anavipanga mbele ya milango. Vikitazama nje, unaanza mechi. Vikitazama ndani, uko benchi. Hakuna kikao, majina hayasomwi, na haliulizwi swali. Unafungua mlango wako, unajua, na una muda wote wa chai kujikusanya kabla ya kukutana na macho ya watu.

Kinda akauliza, "Na vyako, dada, vimeshawahi kutazama ndani?"

Nikamwambia vyangu njia hiyo havijaifundishwa. Wote wakacheka, mimi nikacheka zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Mechi ya kirafiki. Vilitazama nje, kama kawaida. Tatu bila. Hakuna aliyepiga mpira wa juu upande wangu wa kushoto. Mungu yupo.

Ijumaa, 21 Machi

Mama amepiga simu. Swali la kwanza: "Kocha wenu hajambo?" La pili: huko mvua ipo? Kwa la tatu ndipo nikafikiwa mimi. Mama na Brashi walicheza timu moja ya mtaa walipokuwa wasichana, na kwa mama, Brashi akisema jua linatokea magharibi, basi sisi ndio tumegeuka vibaya.

Fremu: sikufika.

Jumanne, 25 Machi

Kinda anadaka. Nimekaa siku nyingi sijaliandika, lakini uongo wa kujidanganya mwenyewe ni kazi ya bure. Miguu yake bado ni ya ndama, akipiga mpira kwa mguu unaweza kwenda kokote, hata kwa jirani. Ila mikono anayo. Leo aliufuata mpira kwenye pembe ya juu akautoa kwa ncha za vidole. Brashi akasema, "Vizuri."

Mimi sijawahi kusikia neno hilo likielekezwa golini. Kwangu husemwa "haya", na "haya" tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Ndani.

Nilifungua mlango mswaki ukiwa mdomoni. Jozi mbili za viatu vyeusi vya chama, zinafanana kama mapacha, moja inanitazama usoni. Nikainama kusoma namba niliyoiandika mwenyewe kwenye ulimi wa kiatu. Moja. Vyangu. Vya Kinda vilikuwa kando, vimekaa vizuri, vinatazama korido kama vinasubiri gari.

"Dada, vimekaaje?" Kinda akauliza kutoka kitandani.

"Una macho, njoo uone."

Akaja, akaona, akaziba mdomo kwa kiganja. Hakurukaruka. Afadhali angerukaruka, ningepata pa kuanzia.

Miaka yote ya unahodha nimekuwa nikiwapigapiga mabega wasichana wa benchi nikiwaambia benchi nalo ni kazi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Leo winga wetu, ambaye mwaka jana nilimwambia maneno hayohayo, amenipigapiga bega. Lile bovu. Alijua anachofanya.

Mechi ya kwanza ya mashindano tumeshinda moja bila. Kinda alipiga mpira mmoja moja kwa moja kwa adui, na jukwaa zima likasimama. Brashi hakupepesa macho. Mama alikuwepo. Alipanda basi tangu asubuhi, akakaa kwenye mvua chini ya mwavuli wa kuazima, ili aje kumtazama bintiye akigawa maji.

Jioni nikampigia. Akasema, "Kocha ana sababu zake."

"Mama, mtoto wako ni mimi au yeye?"

"Mtoto wangu ni wewe. Kocha wako ni yeye."

Nimemkatia simu mama yangu mzazi. Hilo nalo namwandikia Brashi kwenye hesabu yake.

Jumatano, 9 Aprili

Ndani. Tumetoka sare. Fremu: sikufika. Nimekula peke yangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mtangazaji wa redio amemwita Brashi "mama wa soka letu". Mama gani huyo anayezungumza na watoto wake kwa viatu? Aliniokota nikiwa na miaka kumi na nne kwenye uwanja wa shule, nikidaka bila glovu. Akamwambia mama, "Nipe huyu, nitakurudishia mtu." Mtu mwenyewe ndiye huyu, anagawa maji.

Nilimpa magoti yangu. Nilimpa harusi ya dada yangu, ambayo sikuhudhuria kwa sababu ya kambi. Nilivunjika kidole nikacheza. Na yeye anashindwa kunipa sentensi moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Ndani. Robo fainali tumeshinda mbili moja.

Nimevunja sheria. Baada ya mechi nilimfuata stoo, alikuwa anahesabu mipira.

"Kocha, nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Basi kwa nini?"

"Viatu vimesema."

"Viatu havina mdomo."

"Ndiyo maana havibishani," akasema, akaendelea kuhesabu.

Nilitoka nikaupiga mlango ule kwa mkono, na kwa ujinga wangu nikatumia wa kushoto. Nimelia chooni, kwa bega au kwa hasira, sijui. Mwanamke yule hana moyo, ana ratiba. Nilikuwa nikimheshimu, halafu nikamwogopa. Sasa namchukia, na namwandika hivyo kwa herufi zinazosomeka.

Kwa Kinda siwezi kusema kitu kama hicho, maana hanipi nafasi. Amenitandikia kitanda nikiwa nje. Nimekitandua, nikakitandika upya.

Ijumaa, 18 Aprili

Nje.

Naandika haraka kabla ya basi. Mvua ilinyesha kama imetumwa, korido yetu ina maji, lakini viatu vyangu vilikuwa palepale mbele ya mlango, vinatazama nje, safi. Vya Kinda ndani. Nilisoma namba kwenye ulimi mara mbili.

Labda nilimkosea Brashi. Nusu fainali, uwanja wa maji, wapinzani wanaopiga krosi tangu dakika ya kwanza, unahitaji mtu mzima golini. Alikuwa ananihifadhi. Mpira anaujua, hilo hata nikiwa na hasira sikulikana.

Kinda ameniambia, "Hongera, dada. Inakustahili." Macho yalikuwa mekundu, sauti haikutetemeka. Kisha akanitolea glovu zake mpya. "Chukua hizi, hazitelezi kwenye maji." Nikachukua. Nikasema asante, nikaenda kula mayai mawili. Nimemtumia mama ujumbe: nacheza, njoo.

Baadaye, siku hiyohiyo

Nitaandika yote.

Chumba cha kubadilishia nguo. Nimeshajifunga bendeji, nimeshavaa glovu za Kinda, naimba chinichini. Brashi anaingia, anatazama viatu vyetu kama kawaida yake, halafu anapandisha macho mpaka kwangu. Anasimama.

"Komeo. Nani amekwambia unacheza?"

"Viatu, Kocha."

"Viatu vyako niliviweka ndani."

Aliisema kwa sauti ya kawaida, na chumba kile ni kidogo. Watu ishirini na wawili kila mmoja akakumbuka ana kamba ya kufunga. Winga hakujisumbua hata kuinama, alinitazama tu.

Kocha msaidizi akapiga simu bwenini. Mama wa usafi akapatikana, na akaeleza bila kusita: ndoo ilifurika alfajiri, akainua viatu vyetu apige deki, akavirudisha. "Nilikariri kabisa, mwanangu. Jozi moja ilitazama huku, nyingine kule, nikavirudisha vilevile." Ni kweli, alivirudisha vilevile. Ila mapacha aliwabadilishia vitanda. Wa kumlaumu hapo sina, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi.

Nilimrushia Kinda glovu zake. Zikamponyoka, kipa wa timu ya taifa.

Brashi akasema, "Kinda anaanza. Tuna dakika ishirini." Pole hakusema. Si kwangu tu, hata kwa ukuta hakusema.

Tumeshinda mbili bila. Tuko fainali. Mama alikuwa jukwaani kwa mara nyingine, na alikuwa amewaambia watu wote wa safu yake kwamba mwanawe leo anacheza.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama amepiga. Nilitaka nimwombe radhi kwa jana, hakuniachia nafasi.

"Unajua kwa nini anapanga viatu?"

"Kwa sababu hawezi kusema na watu."

"Nyamaza usikilize. Tulikuwa wasichana, tumeshavaa jezi, yeye namba tisa. Baba yake amekuja kumtazama, amesimama hapo mlangoni. Kocha wetu wa wakati ule akaingia, akamwambia mbele yetu sote, 'Vua hiyo, mpe mwenzako.' Akavua. Alibaki na sidiria, mwanangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtupia taulo. Hata mimi. Siku ile alisema akija kuwa na timu, hakuna msichana atakayevuliwa mbele za watu."

"Basi jana amenivua mimi."

"Ndiyo. Sasa fikiria amelalaje."

"Amelala vizuri, mama. Amechoka kwa kushinda."

Mama akavuta pumzi. "Una ulimi wake," akasema.

Sijui alikusudia kunitukana au vipi. Kwa tahadhari, nimekasirika kwa yote mawili.

Jumapili, 20 Aprili

Fremu: leo hata bawaba sikuifikia. Mvua.

Jumatatu, 21 Aprili

Saa kumi jioni Brashi aliniita stoo. Jozi ishirini na tatu zilikuwa zimepangwa juu ya magazeti, ndoo ya maji kando, na kigoda kimoja. Yeye alikuwa amesimama.

"Kaa."

Nikakaa. Akaniwekea brashi mkononi. Mpini wa plasta ulikuwa bado na joto la kiganja chake, nikaudhika hata na hilo.

"Mgongo wangu hauinami tena," akasema. "Utasafisha wewe, na kesho alfajiri utapanga wewe."

"Mimi ni mchezaji, Kocha. Si msaidizi wako."

"Najua wewe ni nani."

Akanitajia majina, taratibu, kuanzia mshambuliaji kurudi nyuma. Nilikuwa nikiyahesabu kwa vidole. Alipomaliza mabeki akaishia hapo.

"Hao ni kumi, Kocha."

"Najua kuhesabu. Golini weka wewe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Maji ya paa yalikuwa yanapiga bati kwa nguvu.

"Na nikijiweka mimi?"

"Utacheza."

"Na tukifungwa?"

"Tutakuwa tumefungwa."

Akachukua filimbi yake mezani, akaivaa. Halafu, kama anayeuliza habari za hali ya hewa: "Bega lilianza lini?"

"Bega gani?"

"Wiki ya kwanza nilikwambia utundike bibu. Ulizishika kwa kushoto, ukahamishia kulia."

"Umejua tangu siku ile, na hukusema?"

"Ningesema, daktari angekuandika majeruhi, na ningelazimika kukurudisha nyumbani. Nilitaka uwepo." Akanitazama usoni, kitu ambacho si kawaida yake. "Na wewe kwa nini hukusema?"

Nikachovya brashi kwenye ndoo. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama akinipa mgongo. "Ijumaa..." akaanza. Nikangoja. Niliingoja ile pole kama mtu anayengoja chenji yake dukani. Akasafisha koo.

"Vya beki wa kulia vina tope kwenye njumu. Tumia kijiti." Akaondoka.

Nimevisafisha vyote, kwa mkono mmoja, na muda wote nilikuwa nikigombana naye kichwani. Nimemwelewa mchezo wake. Anataka nijivue mwenyewe ili mikono yake ibaki safi. Wiki mbili amenibana kwenye kona, leo ananipa kisu ananiambia jikate unapotaka. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi nitamwonyesha. Nimeamua: kesho vyangu vinatazama nje, na mama atakuja kunitazama nikidaka. Akitaka kunitoa, anitoe kwa mdomo wake, mbele ya uwanja mzima.

Jumanne, 22 Aprili

Alfajiri. Mvua imekatika, kwa mara ya kwanza tangu tuje. Nilibeba viatu ndani ya kikapu cha kufulia, nikaanza mwisho wa korido.

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Mlango wa kwanza, nje. Wa pili, nje. Wa tatu ni wa winga. Brashi hakumtaja. Tangu juzi winga anasema wanawe wanakuja uwanjani, wote wawili, wameshonewa fulana zenye namba yake. Nilisimama mbele ya mlango ule na viatu vyake mkononi. Huyu aliyenipigapiga bega bovu kwa makusudi. Nilikuwa nimeisubiri siku yake. Nikaviweka vinatazama ndani, polepole, nikavisogeza vikae sawa, nikavisogeza tena. Hakuna namna ya kugeuza kiatu kwa upole. Ukishakigeuza kimegeuka.

Nikafika kwetu. Ndoo ilikuwa kavu. Vya Kinda mkono mmoja, vyangu mwingine. Niliviweka vyangu kwanza, nje, kama nilivyoapa. Vikapendeza. Nikarudi hatua moja nivitazame, nikajikuta niko chini ya fremu.

Nikanyoosha mkono wa kushoto. Nilijaribu kwa hasira, na kwa jina la mama, na mwisho kwa kujiinua kwa ncha za vidole vya miguu, ambako ni kuiba. Haukufika. Mkono huu haujui kama ni fainali, wala haujui nimempa Brashi kiasi gani cha maisha yangu. Unajua bawaba tu.

Nikainama. Nikavigeuza. Vya Kinda nikaviweka nje.

Halafu nikaingia nikajilaza, nikajifunika shuka mpaka shingoni, ili mlango afungue yeye. Akafungua.

"Dada. Vyangu viko nje." Sauti ndogo. "Au ni mama wa usafi tena?"

"Siyo. Leo ndoo haina maji. Nenda kapige mswaki."

Jioni

Mbili moja. Sisi ndio mbili.

Goli tulilofungwa lilikuwa la Kinda kabisa, mpira wa chini, wa kudaka ukiwa umelala, ukampita chini ya tumbo. Nilikuwa benchi nikauma taulo. Nilisema maneno ambayo mama asingependa kuyasikia. Nilimtazama Brashi, naye akanitazama, na kwa muda ule nilijua kwamba yule msichana si wake tena, ni wangu. Nilimweka mimi.

Dakika za mwisho wakapata mpira wa adhabu. Ukapigwa juu, kushoto, pembeni kabisa. Bega langu liliruka pale benchi bila mimi, na likaniuma mpaka meno. Kinda akaufikia. Vidole vitatu, nadhani, na mpira ukagonga mwamba ukatoka.

Wakati wa medali Brashi alipita mbele yetu akitazama viatu. Vyangu vilikuwa safi, havijagusa tope. Akasimama.

"Ungejiweka, ungecheza."

"Najua, Kocha."

"Na ule wa kushoto?"

"Ungeingia."

Akasema, "Haya," akaendelea na mstari.

Mama alikuwa jukwaani. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, kwa kipa asiye mwanawe. Winga hakupokea mkono wangu. Anadhani Brashi ndiye aliyemweka benchi, na ni kweli, lakini mkono ulioweka vile viatu aliunyima salamu bila kujua.

Bado simpendi Brashi. Naliandika hili ili nisije siku moja nikadanganywa na medali.

Jumatano, 23 Aprili

Ameacha timu. Alitutangazia wakati wa chai, kwa maneno yasiyozidi ya mtu anayeagiza sukari. Makombe matatu, na anaondoka na begi moja na mwavuli. Watu walilia. Mimi nilimfuata nje na brashi mkononi.

"Umesahau hii."

"Ya nini? Mimi sina timu."

"Na mimi sina, Kocha."

Akafungua mwavuli ijapokuwa mvua haikuwepo. "Katibiwe bega," akasema. Ndiyo pole niliyoipata. Nimeipokea, maana nyingine haiji.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepasuliwa bega. Daktari anasema nitaweza kuchana nywele, kudaka hapana. Mama amekuja na chupa ya chai. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. Nilimwambia koleo lenyewe ndilo lililolala hapa, liachwe lilalamike.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zimekwisha. Chama kimenipa timu ya wasichana walio chini ya miaka ishirini, na leo ilikuwa mechi yetu ya kwanza.

Jana jioni nilisafisha jozi zote. Leo alfajiri nilizipanga, na nilimwambia mhudumu wa bweni kwamba korido isipigwe deki mpaka saa mbili. Vya namba kumi wangu, nahodha, nimeviweka ndani. Ana kipaji kuliko wote, na wiki nzima anachechemea akidhani sioni. Juzi nilimwagiza apande ngazi akaniletee koni za mazoezi. Alishuka akiegemea ukuta.

Nilikuwa mwisho wa korido alipofungua mlango. Alivitazama muda mrefu. Akainama kusoma jina kwenye ulimi. Kisha akainua uso, akaniona, na yale macho nayajua, nimeyavaa mwenyewe masika yote. Alitaka niseme kitu, sentensi moja tu. Nilikuwa nayo, ilikuwa hapa mdomoni. Lakini milango mingine ilikuwa inaanza kufunguka, na angeisikia mbele ya wenzake.

"Shikamoo, Kocha," akasema, kama anayetema mbegu.

"Marahaba."

Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, kwa adabu ya mtu anayechukia kweli. Tumeshinda. Jioni hii, ng'ambo ya ukuta, taa yake bado inawaka na kuna mtu anaandika kitu kwa nguvu. Kalamu naisikia hadi huku. Andika, mwanangu. Usiache hata neno.